Tumerudi kwa Zack, na tunaomba kituo kisifunge gemu

Ndugu zetu vijana wa Lobule, wa Rhino Camp, wa Imvepi, na nyinyi mliohamia Arua mjini na Koboko kutafuta maisha, salamu. Salamu pia kwa wakubwa wetu wa mashirika, ambao tunajua mnatusoma kimyakimya bila kuweka like. Leo hatuandiki juu ya sabuni wala foleni ya maji. Tunaandika juu ya gemu. Najua hapo wengine mmeshaanza kuteremka chini mtafute habari nyingine. Ngojeni kidogo kwanza.

Wiki mbili zilizopita kulikuwa na mkutano kwenye kituo cha vijana ambako sisi tunajitolea. Shida ilikuwa chaji. Betri za sola zimezeeka, saa kumi na moja jioni tayari zimeisha, na watu wanaoleta simu ni wengi. Mkubwa mmoja akaleta pendekezo: kuanzia mwezi ujao, simu yenye gemu isichajiwe pale, na kompyuta mbili za kituo zifutwe gemu zote, maana umeme wa sola ni wa "mambo ya maana". Watu wakapiga makofi. Hata sisi tulipiga makofi, kwa sababu mkutanoni mtu hupiga makofi tu. Tulipofika nje chini ya mwembe ndipo tukaangaliana. Tumepiga makofi kwa nini?

Wiki hiyohiyo, si unajua mambo yanavyokutana, tulikuwa tumerudi kwenye gemu yetu ya zamani.

Jina lake ni Crisis Core: Final Fantasy VII. Ilitoka Japani mwaka 2007, na mwaka 2008 ikafika Marekani na Ulaya, kwa ajili ya PSP, ile mashine ndogo ya Sony ya kushika mkononi. Kambini kwetu ni nani amewahi kushika PSP? Hakuna. Lakini tangu mwisho wa 2012 iko programu ya bure inaitwa PPSSPP, ambayo inaifanya simu ya Android ijifanye PSP. Hiyo ndiyo ilitufungulia mlango. Unaenda Arua, unaingia kwenye vile vibanda vya simu, unampa kijana memori kadi yako, anakutilia gemu kutoka kwenye laptop yake, unalipa, unapanda gari unarudi. Ndiyo, nakala hizo si halali. Tunalisema wenyewe kabla hamjatusema. Hakuna duka ambalo lingetuuzia iliyo halali, na hata kama lingekuwepo, pesa ya kununulia ingetoka wapi.

Tulianza kuicheza mwaka 2020. Mnakumbuka mwaka ule. Mwezi wa tatu shule zilifungwa Uganda nzima kwa sababu ya korona, na hazikufunguka kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili.  Kwenye makazi ya wakimbizi ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ati masomo yalikuwa redioni na kwenye karatasi za kujisomea, na karatasi zenyewe zilifika mara moja moja. Wasichana wa darasa letu, kadhaa hawakurudi tena shuleni. Wavulana, kadhaa waliingia kwenye mawe na matofali, wengine boda, wengine waragi. Sisi watano tulikuwa na simu moja ya Tecno yenye ufa kwenye kioo, na Zack.

Kwa wasioijua: Zack Fair ni kijana wa kijijini. Kijiji chake kinaitwa Gongaga, mahali ambapo watu wa mji wanapacheka hata jina. Ametoka nyumbani akaenda mji mkubwa wa Midgar kutafuta kazi ya jeshi la kampuni inayoitwa Shinra, kampuni ambayo ina umeme wote, bunduki zote na habari zote. Unapigana kwa upanga, unakusanya mawe ya nguvu yanayoitwa materia, unapanda levo, unafanya misheni. Misheni za pembeni peke yake ni 300. Ndiyo maana ilitufaa: mia tatu, na shule imefungwa.

Tulikuwa na utaratibu. Kila mtu na sevu yake, dakika thelathini kwa zamu, anayekufa kwa jitu anatoa simu hata kama dakika zake hazijaisha. Simu ilikuwa inapata moto kama sufuria, tunaiweka kwenye kitambaa chenye maji. Kuchaji kwa mwenye duka ilikuwa shilingi 500, tunachanga mia mia.

Halafu kulikuwa na Kiingereza. Sisi tuliotoka upande wa Kongo tulisoma kwa Kifaransa mpaka tulipovuka. Tulipoingizwa darasani Uganda tulirudishwa nyuma madarasa mawili, wengine matatu, tukakaa na watoto. Nakala yetu ya gemu ilikuwa ya Kiingereza, na wenzetu wanaongea kwa maandishi chini ya kioo. Mwanzoni tulikuwa tunabonyeza haraka ili vita ianze. Baadaye mmoja wetu, ndiye tutamtaja tena mbele, alisema: hapana, tusome. Akawa anasoma kwa sauti, anaweka maana kwa Kiswahili, mara nyingine Kikakwa, akikosa neno anabuni. Maneno kama "heshima", "ndoto" na "mtoro wa jeshi" kwa Kiingereza tuliyajulia pale. Mwalimu wa kidato cha pili aliuliza baadaye tumejifunzia wapi. Tulisema redioni.

Sasa turudi kwenye huku kurudi. Mwaka 2022, mwezi wa kumi na mbili, ilitoka Crisis Core mpya, imetengenezwa upya, inaitwa Reunion. Picha zake ni nzuri sana, tumeziona kwenye video. Lakini inataka PlayStation, au Switch, au kompyuta yenye nguvu. Kwa simu zetu hiyo ni hadithi. Kwa hiyo juzi, mwenzetu mmoja alipotoa ile memori kadi ya zamani kwenye kopo la kahawa mahali mama yake alikuwa ameitunza pamoja na kadi za chakula, tulirudi kwenye ileile ya kale, yenye picha za kukwaruza. Na tukagundua kwamba hatukuwahi kuicheza. Tuliipigana tu.

Angalieni kitu kimoja. Juu ya kioo, upande wa kushoto, kuna kitu kama mashine ya kamari kinachozunguka chenyewe muda wote, picha za watu na namba. Kinaitwa DMW. Huwezi kukishika. Zikipangwa saba tatu, Zack anapanda levo. Tukiwa wadogo tulikichukia. Unaua majitu mia, hupandi. Mwingine anaua matatu, anapanda. Tulikuwa tunasema ni bahati tu, kama resettlement: familia imekaa kambini miaka kumi na mbili haijaitwa, jirani wa miaka minne ameondoka kwenda Kanada. Lakini watu waliochunguza ndani ya programu ile walikuta kwamba si bahati tupu. Kuna hesabu iliyofichwa. Kila vita inaongeza kitu, na hicho kitu ndicho kinaongeza uwezekano wa saba tatu. Mchezaji haonyeshwi. Basi tulicheka sana siku ile, kicheko cha hasira kidogo, kwa sababu hata na sisi ndivyo tunavyoambiwa ofisini: kuna vigezo, kuna hesabu, subiri. Labda ni kweli. Lakini mtu ambaye haonyeshwi hesabu, kwake ni kamari.

Na kamari hapo ndipo wazee wetu wanapochanganya. Mkutanoni mama mmoja, tunamheshimu sana, alisimama akasema gemu zimemalizia mwanawe pesa ya bando na ya kusagisha mahindi. Mama, kwa heshima yote, ile si gemu. Ile ni kubeti. Sheria ya Uganda ya 2016 inakataza mtu wa chini ya miaka 25 kubeti, na bado ukipita Arua au Koboko siku ya Jumamosi unaona wenyewe waliojaa mle ndani ni wa umri gani. Kwenye beti unaweka pesa yako na nyumba ndiyo inashinda. Zack hakuwahi kutuomba hata shilingi. Tukizifunga zote mbili kwa kufuli moja, kijana ambaye hana mahali pa kucheza bure ataenda pale panapotaka pesa yake. Sisi tumeona njia hiyo ikitembewa.

Iko hoja nyingine ambayo watu wa mashirika wanaipenda, na wenzetu wengine walitaka tuitumie mkutanoni. Ni hadithi ya Lual Mayen. Huyu ni ndugu yetu wa Sudan Kusini aliyekulia kambini hapahapa kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu mpaka akafikisha dola 300, akamnunulia kompyuta. Alikuwa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Akajifunza mwenyewe kutengeneza gemu, akatengeneza inayoitwa Salaam, ambayo ndani yake wewe ni mkimbizi unayetafuta chakula, maji na dawa, na mwaka 2018 akaheshimiwa kwenye tuzo kubwa za gemu Marekani. Ni hadithi ya kweli na inatutia moyo. Lakini hatutaki kuitumia hivyo. Kwa nini mkimbizi ili acheze lazima aahidi kwamba atakuwa Lual Mayen? Mtoto wa mfanyakazi wa shirika kule Kampala akicheza jioni, hakuna anayemuuliza gemu itamzalishia nini. Anacheza, analala, asubuhi anaenda shule. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 31, unasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Haujasema "akiahidi kuwa injinia". Sawa, sisi tumepita miaka 18, mkataba hautuhusu tena. Tuchukulieni basi kama watu wazima waliochoka.

Kwa sababu tumechoka. Mwaka 2023 WFP ilitupanga kwenye makundi kwa ajili ya mgao, wale wenye shida zaidi, wa katikati, na wale wanaoonekana wanaweza kujitegemea, na kundi la mwisho likatolewa. Mwaka 2025 mwezi wa tano, hela za wafadhili zilipopungua, karibu watu milioni moja Uganda nzima wakaondolewa kwenye chakula. Hatulaumu waliokuja kutusomea orodha, hawakuziandika wao. Tunasema tu kwamba kijana ambaye ameshinda shambani la mtu kwa kibarua, akarudi akakuta hakuna kitu jikoni, akakaa saa moja na upanga wa Zack, hajapoteza hiyo saa. Hiyo saa hakwenda kwenye waragi. Hakumpiga dada yake. Hakuwaza yale anayowaza usiku. Wale wanaofanya kazi ya afya ya akili wanajua tunaongea nini, wanatuletea mduara, viti vya plastiki na karatasi za kuchora hisia. Mduara ni mzuri. Lakini mduara ni Jumanne, saa nne mpaka saa sita.

Makosa yetu tuyaseme pia. Moja ni kubwa. Katika wale watano wa 2020 hakukuwa na msichana hata mmoja, na leo kituoni ni vilevile. Kijana wa kiume akishika kompyuta haiachi, na dada akija anaambiwa "hii ni ngumu, wewe utashindwa". Mmoja wa dada zetu wa kujitolea alichukua simu juzi, akampiga yule bosi aliyetusumbua siku mbili, akaturudishia simu bila kusema neno. Basi tulinyamaza. Kosa lingine: kweli tuliwahi kukosa zamu ya maji kwa sababu ya misheni, na nyumba zetu zikanunua jerikeni siku ile. Mzee anayekumbuka jambo hilo ana haki ya kulikumbuka.

Kwa hiyo tunachoomba ni kidogo. Simu za kazi na za dharura zichajiwe kwanza, mpaka saa tisa. Baada ya saa tisa, nafasi ikibaki, isiulizwe simu ina nini ndani. Kompyuta moja kati ya mbili ibaki na gemu, jioni saa mbili, daftari la zamu likae kwa mlinzi, na siku mbili kwa wiki ziwe za dada peke yao, wachague wenyewe wacheze nini. Daftari tutaliandika sisi. Betri zikifa, zikifa kabisa, hatutadai. Lakini msiandike kwenye ukuta kwamba kucheza si jambo la maana, kwa sababu ukuta ule watoto wanausoma kila siku.

Tulisema tutamtaja tena yule aliyekuwa anatusomea.

Karibu na mwisho wa gemu Zack anakuwa mtoro. Shinra wamemfungia chini ya nyumba fulani, wanamfanyia majaribio, na anapotoka miaka minne imepita. Ametoka na rafiki yake Cloud, ambaye hawezi kutembea wala kuongea, na anambeba. Njia nzima anambeba. Tukiwa na miaka kumi na sita sehemu hii tuliiona inachelewesha. Sasa tuliicheza bila mtu kuongea, kwa sababu kila mmoja wetu kuna mtu alimbeba au alibebwa, na barabara yenyewe tunaijua. Msichana aliyemwacha mjini, Aerith, alikuwa anamwandikia barua muda wote ule. Inamfikia moja tu, na kwenye hiyo moja amesema ni ya 89 na ya mwisho. Themanini na nane hazikufika. Simu nyingi kambini zina ujumbe wenye tiki moja ya kijivu.

Na anapopita karibu na Gongaga, kwao, haingii. Anaambiwa wazazi wazima, lakini askari wanapangojea pale, akienda atawaletea balaa. Basi anaona kijiji chake kwa mbali, anageuka.

Yule mwenzetu alirudi ng'ambo mwaka 2023, baada ya nyumba yao kuwekwa kundi la mwisho. Hakusaini fomu yoyote ya kurudi kwa hiari, alipanda boda asubuhi kuelekea mpakani, akasema anaenda kuangalia shamba la baba yake, atakuwa amerudi wiki mbili. Alituma ujumbe mara mbili. Laini ile sasa haipatikani.

Tulipowasha ile kadi ya zamani tulikuta sevu tano, majina yetu tumeyapanga kwa namba. Nne tulizimaliza zamani, Zack ameshakufa pale nje ya Midgar mbele ya jeshi zima, na sisi tunajua. Sevu ya tano ni yake, na imesimama palepale karibu na Gongaga. Hajafika mwisho. Alikuwa akisema anaogopa kufika, tulikuwa tumemsimulia.

Kadi imejaa. Mmoja wetu alisema tumalizie sevu yake, ni masaa machache tu, tutakuwa tumemfanyia kitu. Mwingine akasema tuifute, tupate nafasi ya video za mafunzo ya sabuni ambazo shirika limetutumia. Tulibishana mpaka giza likaingia. Mwishoni tuliicopy folda yote kwenye kompyuta ya kituo, ile yenye gemu, ndiyo moja ya hizo mbili zinazotakiwa kufutwa mwezi ujao. Sevu zetu nne tulizitoa kwenye kadi. Yake iko, hatujaigusa.

Akivuka mtu yeyote anayetoka upande wa Ariwara, tunamuuliza kwanza kama njia ni nzuri, halafu tunamuuliza kama amemwona.